Kigamboni au Mbezi ya Luis? Tupeane uzoefu kwa mliolala huko

Mpangaji wa Sinza:
Wakuu habari za jioni. Mwenye nyumba wangu hapa Sinza, Dar, kauza nyumba, katupa miezi mitatu tuwe tumeondoka. Mimi na mama watoto tumezunguka weee mpaka tumebaki na sehemu mbili, Kibada kule Kigamboni au Makabe, Mbezi ya Luis. Hela ninayolipa hapa kwa chumba na sebule, kote huko napata nyumba nzima vyumba vitatu na uwani pa kufugia kuku. Mimi duka lipo Kariakoo tunafungua saa mbili kasoro, mama watoto kazi yake Ubungo, kwahiyo hapo mshajua nani anataka wapi. Madalali wamenichosha, kila nyumba kwao ni dakika tano kutoka lami, sijui wanahesabu za ndege. Nataka mtu aliyelala huko akaamka saa kumi na moja akawahi kazini akarudi. Tiririkeni.

Mzee wa Pantoni:
Nipo Kibada toka 2013. Huku kwetu ni vile viwanja vya mradi wa serikali wa viwanja 20,000, vilipimwa kabla watu hawajajenga ndo maana mitaa imenyooka na hata gari la mchanga linafika mlangoni bila kubomoa ukuta wa mtu. Enzi zile daraja la kuvukia kwenda mjini hakuna, ni pantoni la Magogoni au uzunguke Kongowe utokee Mbagala, na mimi nilishazunguka usiku na mgonjwa kwenye gari kwahiyo najua nachosema. Daraja lilipofunguliwa Aprili 2016 tulishangilia kama Taifa Stars imeshinda, halafu tukakuta tozo. Kwa mguu bure, ila mwenye gari unalipa ukienda unalipa ukirudi, mwaka 2022 wakapunguza tukapumua kidogo.

Sasa wewe wa Kariakoo bila gari pantoni ni 200, nauli ile ile iliyoleta kelele 2012 watu wakaambiwa asiyeweza apige mbizi. Ukivuka tu upo mjini. Lakini ujue ile safari yenyewe kwenye maji ni fupi, kinachokula muda ni kusubiri. Geti likifunguliwa watu wanakimbia, akina dada viatu mkononi, mwenye ndoo ya samaki anasukuma nyuma yako anakwambia kaka pole, na shati lako jeupe ndo limeshaenda hivyo. Kuna kipindi pantoni kubwa lilikuwa kwenye matengenezo, nilikuwa naamka saa tisa na nusu. Mimi nimezoea, ila mama Ubungo kwa kweli utamtesa, labda apite darajani na daladala aunge na nyingine.

Mama Pili:
Mimi Makabe mwaka wa saba huu. Mzee wangu alinunua kienyeji, karatasi ya kuandika kwa mkono na mjumbe akiwa shahidi, tukajenga tukahamia hata madirisha ya nyuma bado tunaziba na mabati. Barabara kubwa sina neno, toka waipanue njia nane Kimara mpaka Kibaha na stendi ya Magufuli ilipofunguliwa 2021 Mbezi imekuwa mji, usiku saa sita unapata chipsi. Shida yangu inaanza nikishuka kwenye gari. Milima kaka! Kiangazi bodaboda ananipeleka kwa 1,500, mvua ikinyesha anataka 4,000 na bado akifika bondeni anakwambia mama shuka hapa tutadondoka wote. Masika natoka nyumbani na ndala, viatu vya kazi nimeviweka kwenye rambo, nikifika lami namwachia Mangi dukani ndala zangu zenye tope. Sio mimi peke yangu, chini ya kaunta ya Mangi kuna ndala za mtaa mzima, jioni kila mtu anachagua zake. Siku moja nikaondoka na ya jirani mguu mmoja.

Na ukipata nyumba karibu na barabara kubwa ulizia hifadhi ya barabara ni ipi, sisi tuliokuwepo tunaikumbuka bomoabomoa ya 2017.

Kijana wa Gheto:
Mkuu fugia kuku hapo hapo Sinza yaishe

Fundi Bomba:
Naongea kama fundi. Kigamboni usiulize kama maji yapo, ulizia ni maji gani. Visima vingi vina chumvi, nyumba nyingine chai unadhani mtu kakosea kopo la sukari katia chumvi. Kazi yangu ya kubadilisha koki na bomba za mvua ipo Kigamboni kuliko kote, kitu kipya kabisa kikikaa kinaanza kuota kutu na ukoko mweupe. Mabati pia, nyumba iliyo karibu na bahari angalia misumari ya paa. Ukienda kuona nyumba beba kipande cha sabuni, nawia kwenye bomba lao, povu likigoma jumlisha hela ya boza kwenye kodi yako. Mbezi maji matamu ila kule mlimani presha ndogo, mengine yanapanda usiku tu. Bila simtank chini na pampu utakuwa mlinzi wa ndoo. Na lita 1,000 kwa familia ya watu watano haifiki mbali, msidanganywe.

Nimehama Mara Mbili:
Mi nimekaa kote. Mbezi nilioneshwa nyumba mwezi wa kwanza, kavu, safi, tiles zinateleza. Nikalipa miezi sita. Mwezi wa nne maji yakaingia sebuleni kwa kupitia mlango wa jikoni yakatoka mlango wa mbele kama wageni. Mwenye nyumba ananiambia mwaka huu mvua imezidi, jirani akacheka akasema anasemaga hivyo kila mwaka. Hela haikurudi. Kigamboni sikuwa na hilo, mchanga unanyonya, ila mke wangu alikosa kazi mbili za Mwenge kwa ajili ya umbali. Kwahiyo sijui nikwambieje.

Mpangaji wa Sinza:
Asanteni sana, hasa Mama Pili, mama watoto kacheka ile ya ndala mpaka kalia, ila naona na yeye imemwingia. Jumamosi nilienda Kibada na kipande cha sabuni mfukoni. Mwenye nyumba kanikuta nimechuchumaa kwenye bomba lake la nje nafua leso, akaniuliza we mpangaji au afisa wa maji? Povu lilitoka kidogo, sio la kujisifia. Kesho saa kumi na moja alfajiri nakwea Makabe, kwa mguu, maana hapa Sinza mvua imeanza sasa hivi.