Bei ya kadi: ni punguzo, au ni faini kwa asiyetaka kujulikana?

Mwanzisha mjadala, Kamalondo, Lubumbashi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi moja ya katikati ya mji, nikiwa na mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25, lita tano za mafuta ya kupikia na kopo la maziwa ya unga. Kwenye rafu, kila bidhaa ilikuwa na bei mbili: ya kwanza kwa wino mweusi mdogo, ya pili kwa tarakimu nyekundu kubwa, na kando ya ile nyekundu neno moja tu, «kadi». Keshia akaniuliza kama ninayo kadi ya wateja ya duka hilo. Niliposema sina, alinisukumia karatasi ya kujaza: jina kamili, namba ya simu, komini ninayokaa, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watu wanaoishi nyumbani. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa kile kikohozi kisichotokana na mafua. Nikajaza. Tofauti ilikuwa dola tatu na kitu, na dola tatu kwangu ni mboga ya siku mbili.

Naleta suala hili hapa kwa sababu jioni ile watoto walizishangilia dola tatu, nami nikabaki najiuliza nimeuza nini.

Punguzo ninalolijua mimi hutokana na bidhaa yenyewe. Mchele unakaribia kupita tarehe yake, au malori yaliyokwama mpakani Kasumbalesa yameachiwa yote siku moja na ghala limefurika, basi mwenye duka anashusha bei kwa kila apitaye. Bei ya kadi haitokani na hayo. Unga ni ule ule na mfuko ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba duka sasa linajua nani kaununua, saa ngapi, pamoja na nini, na alikaa siku ngapi bila kurudi. Kwa hiyo ile bei ya wino mweusi, ingawa bado inaitwa bei ya kawaida, imegeuka faini anayotozwa mtu aliyetaka kununua unga bila kujitambulisha.

Desturi hii imetoka mbali. Nchini Uingereza, kampuni ya supamaketi ya Tesco ilizindua kadi yake, Clubcard, mwaka 1995, ikisaidiwa na dunnhumby, kampuni ya uchambuzi wa data ya Edwina Dunn na Clive Humby, na kwa miaka mingi mwenye kadi alikuwa akijikusanyia pointi ambazo baadaye ziligeuzwa vocha. Mwaka 2019 Tesco ilileta bei mbili pale pale rafuni, na mshindani wake Sainsbury's ikafuata kwa kadi yake ya Nectar mwaka 2023. Mtu anaweza kudhani ni jambo lile lile katika vazi jipya, lakini silo: pointi uliweza kuzikataa na usipungukiwe na kitu siku hiyo, wakati bei mbili huwezi kuzikataa bila kutoa pesa mfukoni papo hapo.

Wako watakaosema kwamba orodha ya unga na mafuta haina siri. Mwaka 2012 gazeti la The New York Times lilieleza jinsi maduka ya Target ya Marekani yalivyochambua manunuzi ya takriban bidhaa 25, zikiwemo losheni zisizo na manukato na vidonge vya madini, ili kukadiria ni mteja yupi ana mimba na atajifungua lini. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Kikapu kikitazamwa mara moja ni kikapu tu, lakini kikitazamwa kwa miezi sita kinasimulia kisukari cha baba mkwe, chupa za kila Ijumaa, na mwezi ambao mshahara haukuingia.

Tena hapa kwetu jambo lina uzito wake wa pekee. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Serikali haijatuhesabu kwa zaidi ya miaka 40, lakini duka linajua nyumbani kwangu tuko tisa. Na ile namba ya simu inayoonekana kuwa kitu kidogo imesajiliwa kwa kitambulisho changu, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura, na ndiyo hiyo hiyo ninayopokelea na kutumia pesa. Ukishika namba umeshika kamba yote.

Swali langu basi ni hili: je, duka liruhusiwe kuuza chakula kwa bei mbili, moja kwa wanaojulikana na nyingine kwa wasiojulikana? Mimi nasema lisiruhusiwe, isipokuwa litoe pia kadi isiyo na jina wala simu. Anayeona vinginevyo aseme.

Mama wa watoto saba, Katuba

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima, lakini umeongea kama mtu anayepanga matumizi kwa mwezi. Mimi napanga kwa siku, na siku ikinipa dola tatu sitaiuliza imezitoa wapi.

Unasema bei mbili kana kwamba zimeletwa na supamaketi. Nenda soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, asubuhi ukiwa na viatu vyako vya kufundishia, kisha mtume mwanao jioni na kandambili, uone kama mtauziwa samaki kwa bei moja. Sokoni bei imeandikwa usoni mwa mnunuzi. Muuzaji anakupima kwa mkoba, kwa lafudhi, kwa gari lililokushusha, halafu anataja, nawe unaanza kupatana mpaka koo linakauka, na ukimzoea sana anakuongezea kiganja kama matabishi. Kwenye kadi, mke wa mkurugenzi na mimi tunalipa tarakimu ile ile nyekundu. Kwa maisha yangu huo ni usawa ambao sikuwahi kuuona kwingine.

Na kuhusu kujulikana: mwenye kiduka cha pembeni ya barabara yetu ana daftari. Ameandika nani anadaiwa sabuni, nani anadaiwa sukari, tangu lini, na ukichelewa anasoma kwa sauti mbele ya majirani. Nichague kati ya daftari lile na kompyuta isiyo na mdomo? Nachagua kompyuta.

Aliyewahi kufanya kazi ya stoo, Kampemba

Mama, kompyuta ina mdomo, tena mpana. Nilifanya kazi miaka miwili katika duka moja ambalo silitaji, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuingiza fomu za kadi.

Niwaeleze mlivyo humo ndani, maana watu wanadhani kuna mitambo mikubwa. Kadi ikipitishwa, namba yake inaunganishwa na risiti nzima: kila bidhaa, bei, saa, kaunta, na njia ya malipo. Huko Ulaya data hizo huchambuliwa, na viwanda vinavyotengeneza sabuni na vinywaji hununua uchambuzi huo ili vijue nani ameacha chapa yao na kuhamia nyingine. Dukani kwetu hakukuwa na mchambuzi hata mmoja. Fomu zilikaa kwenye boksi la katoni, juu ya makreti ya bia. Faili lenye majina lilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, halina neno la siri, na kila aliyetaka kutangaza kitu, awe fundi wa friji au shemeji wa meneja anayeuza viwanja, alikuja na flashi akaondoka na namba zetu zote. Ndiyo maana unapata ujumbe wa viwanja vya Ruashi na hukumbuki kuuomba.

Kwa hiyo, Mwalimu, nadhani umeogopa kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Tatizo la duka la huku si kukufahamu kupita kiasi kama Target, ni kukutunza ovyo. Kuhusu bei yenyewe, Mama ana haki: nilibandika lebo zile kwa mikono yangu, na mara nyingi bei nyekundu ilikuwa nafuu ya kweli. Mara nyingi, sikusema kila mara. Kuna wiki tulizopandisha nyeusi siku ya Alhamisi ili nyekundu ionekane nzuri siku ya Ijumaa.

Anayesomea sheria, Lubumbashi

Hilo la kupandisha bei ya kawaida limewahi kuchunguzwa kwa tarakimu, ingawa si kwetu. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilipitia takriban bidhaa 50,000 zenye bei za kadi na kutoa matokeo Novemba 2024: kwa asilimia 92 ya bidhaa hizo, bei ya kadi ilikuwa nafuu halisi ikilinganishwa na bei iliyozoeleka katika duka lile lile. Wakati huohuo, asilimia 55 ya wanunuzi waliohojiwa waliamini kwamba bei ya kawaida hupandishwa makusudi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa yale maduka, wanunuzi wengi walikuwa wamekosea. Ila matokeo yale yanahusu nchi ambayo mkaguzi anaweza kuingia na kudai rekodi za bei za miezi mingi.

Sisi sheria tunazo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2006 inalinda maisha binafsi ya kila mtu, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inataka ridhaa kabla ya kukusanya taarifa za mtu na kumpa haki ya kuziona, kuzisahihisha na kuomba zifutwe. Swali ninaloliona gumu ni la ridhaa. Mtu aliyetia saini huku foleni inamkoholea, na chakula cha watoto kimeshikiliwa kaunta, ameridhia au amekubali yaishe?

Msomaji wa Goma

Ndugu zangu wa Lubumbashi, mnajadili shemeji wa meneja. Sisi Januari 2025 mji ulibadilisha mikono ndani ya siku chache, ukatwaliwa na waasi wa M23. Nilikaa sakafuni nikichana karatasi moja baada ya nyingine, risiti, bahasha, fomu za chama cha akiba, chochote chenye jina na mtaa, na nilipofika mwisho nikakumbuka kwamba majina yetu yalikuwa pia mahali ambapo sikuweza kufika na kuchana. Mkiulizana data ni ya nini, ulizaneni pia itakuwa ya nani kesho. Duka likifilisika, likauzwa au likaporwa, orodha haikai kumsubiri mwenyewe.

Mwanzisha mjadala

Nimesoma yote, na nianze na Mama wa Katuba, kwa sababu amenigusa palipo na uchungu.

Ni kweli soko la Kenya lina bei mbili, hata kumi. Lakini mle nami nina silaha. Muuzaji ananipima na mimi nampima. Najua kwamba saa kumi na moja jioni anataka kurudi nyumbani kabla samaki hawajaharibika, najua jirani yake anauza kwa kiasi gani, na nikikasirika naondoka hatua nne huku nikisubiri aniite. Anayonijua mimi na ninayomjua yeye yanalingana. Mbele ya kadi hakuna anayepatana. Duka litanifahamu tangu mwezi wa kwanza, mimi hata jina la mwenye duka silijui. Na daftari la mwenye kiduka, Mama, lina ukurasa wako mmoja, ambao ukilipa anaufuta kwa kalamu mbele ya macho yako. Nani amewahi kuona duka kubwa likifuta kitu?

Hata hivyo nakubali kwamba nisingethubutu kumwambia mtu mwenye watoto saba aziache dola tatu kwa ajili ya msimamo wangu. Ndiyo maana sidai kadi zifutwe. Aliyefanya kazi ya stoo ametuonyesha kwamba kukokotoa punguzo hakuhitaji jina: mashine inasoma namba ya kadi, basi. Kadi tupu, iliyochukuliwa kwenye kikapu pale mlangoni, ingeshusha bei ya unga kwa kiasi kile kile, na duka lingejua kwamba kadi fulani hununua maziwa kila wiki bila kujua kwamba ni ya mwalimu wa Kamalondo mwenye watu tisa nyumbani. Anayetaka ujumbe wa matangazo aandike simu yake kwa hiari. Duka likikataa hilo, litakuwa limetujibu kwamba lilichotaka tangu mwanzo ni jina, na kwamba unga ulikuwa chambo.

Kwa anayesomea sheria: nilikufuata. Jana nilirudi dukani kuomba taarifa zangu zifutwe, kama unavyosema Kanuni inaniruhusu. Keshia alikuwa na adabu sana. Alimwita msimamizi, naye akatoa daftari la kurasa za mraba lenye gamba la bluu, akalifungua ukurasa mpya, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu «Maombi ya kufutwa». Halafu, kalamu ikiwa tayari, akaniuliza jina kamili, namba ya simu, komini na tarehe ya kuzaliwa.

Sijampa bado. Nimemwambia nitarudi Jumamosi.