Mdogo wangu kachomwa na suke la mpunga jichoni, sasa kuna doa jeupe na haoni vizuri. Naombeni ushauri

Mtu wa Mngeta

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa mwenye uelewa wa magonjwa ya macho.

Mdogo wangu ni mkulima, yuko Mngeta, bonde la Kilombero. Wiki iliyopita wakiwa wanapiga mpunga, kipande cha suke kiliruka kikampata jicho la kulia. Akanawa maji, akaendelea na kazi. Baadaye jicho likawa jekundu, linachuruzika machozi, mwanga hautaki kabisa. Duka la dawa kijijini wakampa matone. Mwanzoni alisema limetulia, wekundu umepungua, tukamshukuru Mungu.

Jana kanitumia picha. Kwenye ile sehemu nyeusi ya jicho kuna doa jeupe, na kingo zake zimechanikachanika, hazijakaa duara. Anasema kwa jicho hilo anaona ukungu tu, mtu akisimama mlangoni anamjua kwa sauti. Cha ajabu hasemi kwamba linamuuma sana.

Nilimwambia anisomee kichupa: deksamethasoni na neomaisini. Mama anasema huo ni mtoto wa jicho, asubiri ukomae wamfanyie upasuaji. Mimi niko Dar, na mpunga wake mwingine bado uko shambani. Nifanyeje?

Bi Chalinze

Pole sana mwanangu. Sisi zamani jicho likiuma tulidondoshewa maziwa ya mama anayenyonyesha na tulipona. Mjaribu wakati mnatafuta nauli, hayana kemikali.

Nesi wa Macho

Shikamoo Bi Chalinze. Naomba kwa heshima nipingane nawe hapo. Jicho likishakuwa na kidonda, usitie maziwa, majani, asali wala maji ya mwarobaini. Vyote hivyo vinaweza kubeba vijidudu, na maziwa ni chakula kizuri kwao. Nimeona watu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu hiyo, na kuchelewa ndiko kunakoua jicho.

Mtu wa Mngeta, pole sana. Kwa picha siwezi kumpima mgonjwa, lakini hadithi yako inanitia hofu kweli. Jani au suke limechoma jicho, siku zimepita, limetokea doa jeupe lenye kingo zilizochanika: hapo wa kwanza kushukiwa ni fangasi wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Mtoto wa jicho ni kitu kingine. Ule uko ndani, nyuma ya mboni, unakuja taratibu kwa miezi na miaka, wala hauleti wekundu na machozi. Mwambie mama kwa upole, maana kusubiri hapa ni hatari.

Fangasi wanaoshambulia zaidi wakulima ni Fusarium na Aspergillus, wanaishi kwenye udongo na mabaki ya mimea. Konea ikiwa nzima hawana pa kuingilia. Ikichunika kidogo tu wanapenya, wanatoa nyuzi zinazosambaa katikati ya matabaka yake. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana inapitisha mwanga, na ndiyo maana kinga ya mwili inachelewa kufika pale.

Sasa kile kichupa. Deksamethasoni ni steroidi, inatuliza uvimbe na wekundu. Mgonjwa anajiona amepona huku kinga ya jicho imelazwa na fangasi wanajitanua. Neomaisini yenyewe inaua bakteria, fangasi haiwagusi. Asitie tena hata tone moja, ila kichupa aende nacho daktari akione. Asilifunge jicho kwa bandeji wala kulisugua.

Na aondoke kesho asubuhi, asisubiri Jumatatu. Aanzie St. Francis pale Ifakara. Akipewa rufaa, huku Dar kuna Muhimbili na CCBRT. Akifika aulize hivi: "Mtanikwangua sampuli?" Wanatia ganzi ya matone, wanakwangua kidonda kidogo, wanaangalia kwenye darubini. Nyuzi za fangasi zinaweza kuonekana siku hiyohiyo, na sampuli nyingine inaoteshwa maabara. Hilo ndilo linaloamua dawa.

Mzee wa Miwa

Mimi yalinikuta Turiani, jani la muwa. Nami nilipewa matone ya kutuliza wekundu, nikakaa nayo. Nilipofika kwa daktari bingwa doa lilikuwa limeshakaa katikati kabisa.

Nikueleze hali ilivyo ili mjiandae. Fangasi walikufa, jicho halikutolewa, namshukuru Mungu. Lakini kovu limebaki. Kwa jicho hilo nahesabu vidole vikiwa karibu na uso, mbali ni kama kutazama kupitia nailoni. Mchana naenda vizuri. Usiku taa ya bodaboda ikinijia mbele inatawanyika jicho zima, inabidi nisimame pembeni hadi ipite. Kumimina chai nako ilibidi nijifunze upya, mdomo wa chupa nauegesha kwanza kwenye kikombe, maana jicho moja halikupi umbali.

Doa la mdogo wako liko katikati au pembeni? Hilo linabeba mambo mengi.

Mtu wa Mngeta

Asanteni sana, nimesoma huku mikono inatetemeka. Mzee, liko upande wa chini, ila limegusa kidogo mbele ya mboni. Nimeongea na mama, amekubali. Shemeji atamsindikiza, nauli nimetuma.

Nesi, swali: rafiki yangu anasema ninunue flukonazo za vidonge aanze njiani, si ndiyo dawa ya fangasi?

Nesi wa Macho

Usinunue. Flukonazo inasaidia kwa fangasi wa aina ya hamira, kama Candida. Hao wa nyuzi, hasa Fusarium, haiwawezi. Dawa inayoanza ni matone ya natamaisini ya asilimia 5. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika India, ulitoka 2013, wakailinganisha na vorikonazo ambayo ni ghali zaidi. Natamaisini ikashinda, na kwa Fusarium ndiyo ilishinda kwa mbali. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Lakini dawa kuwa kwenye orodha na kuikuta dirishani ni mambo mawili. Wewe uko Dar, kwa hiyo kazi yako iwe hii: daktari akiiandika, anza kupiga simu kwenye maduka makubwa ya dawa na famasi za hospitali za macho siku hiyohiyo. Hili linaniuma sana, kwamba wanaoihitaji zaidi ni wakulima na ndio walio mbali nayo kuliko wote.

Mwanzoni matone yanatiwa kila saa, usiku na mchana, kwa hiyo awe na mtu wa kumwamsha. Ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Asikate tamaa akiona wiki ya kwanza doa halijapungua. Daktari anaangalia kama kingo zinaanza kujifunga na maumivu kushuka. Na asiache kwa kuwa haliumi, wengi wanaharibikia hapo.

Kuhusu kuona, Mzee wa Miwa amesema kweli. Kovu la pembeni linaweza kumwachia uoni mzuri tu. La katikati linazuia njia ya mwanga, na miwani ya kawaida haiondoi kovu. Kidonda kikitoboka, au fangasi wakiingia ndani ya jicho, tunaanza kuzungumzia upasuaji wa kupandikiza konea ili kuliokoa jicho lenyewe. Apimwe pia sukari na VVU, maana kinga ikiwa chini kidonda hakifungi.

Mama Wawili Moro

Kama ana bima aende na kadi na kitambulisho, asije akarudishwa kwenye foleni bure. Na wanaobaki shambani wavae miwani ya kinga wakati wa kupiga mpunga, hata ile ya mafundi wa kuchomelea ya kioo cheupe. Inasaidia.

Mtu wa Mngeta

Mrejesho. Wamemkwangua Ifakara, darubini imeonyesha nyuzi za fangasi. Daktari alipoona kichupa alikichukua akakiweka kando. Wamempa rufaa kuja huku kwa sababu natamaisini haikuwepo. Nimeipata kwa kuzunguka, ninayo mkononi, gari lao linaingia usiku. Nesi, niihifadhi kwenye friji?

Nesi wa Macho

Umefanya vizuri sana kaka. Soma maelekezo ya boksi, nyingi zinakaa joto la kawaida au kwenye friji, ila isigande wala isipigwe na jua. Kabla ya kutia itikise vizuri, ni dawa ya kutuama chini. Nawa mikono, ncha ya kichupa isiguse kope. Akiwa na matone mengine, apumzike dakika tano kati ya dawa na dawa. Kesho asubuhi mfike hospitali mapema na karatasi ya maabara, msiisahau kwa shemeji.