Mjadala: VO2 inapogeuka metali, kinachoigeuza ni uga wa umeme au ni joto?

Mwanzisha mada
Wadau, vanadi dioksidi (VO2) ni kihami, yaani hupitisha umeme kwa shida, kwenye halijoto ya chumba. Tangu F. J. Morin alipoipima mwaka 1959, inajulikana kuwa ikifika kama nyuzi 68 za Selsiasi hugeuka metali ghafla. Ukiiwekea volti za kutosha inageuka pia. Msimamo wangu: uga wa umeme wenyewe ndio unaozing'oa elektroni zilizobanana mahali pamoja bila kusogea. Inageuka ndani ya nanosekunde chache, na joto haliwezi kwenda kasi hiyo.

Mchangiaji wa 2
Hapo kwenye kasi sikubaliani nawe, mkuu. Tupige hesabu. Tuseme utando wa VO2 una unene wa nanomita 100, upana wa mikromita 5, na mwanya kati ya elektrodi ni mikromita 1. Ujazo ni nusu ya mikromita mchemraba. VO2 inakula kama joule 3 kwa kila sentimita mchemraba kwa kila nyuzi, kwa hiyo kuitoa nyuzi 28 hadi 68 kunataka pikojoule 60 tu. Volti 10 kwenye kiloomu 10 zinatoa miliwati 10: nanosekunde 6 zinatosha! Jumlisha joto fiche (lile linaloliwa na mgeuko wenyewe bila halijoto kupanda), karibu mara mbili ya hapo, bado hujafika nanosekunde 20. Tena mkondo haupiti utando wote, unajikusanya kwenye uzi mwembamba, na uzi huo hupata moto upesi zaidi.

Mchangiaji wa 3
Mwaka 2013 Zimmers na wenzake waliweka juu ya VO2 chembe ambazo mng'ao wake hubadilika na joto. Zilionyesha kuwa mahali penyewe palifikia joto la mgeuko. Wengi wanakosea kwa kusoma joto la bamba lililo chini ya sampuli. Bamba liko 28, uzi uko 68.

Mwanzisha mada
Kwenye kasi nimekubali, hoja yangu ilikuwa dhaifu. Ila mwaka 2020 Kalcheim na wenzake walipiga nanowaya (nyaya nyembamba mno) za VO2 na za V2O3, oksidi nyingine ya vanadi inayogeuka vilevile, kwa ioni za metali ya gali, na kasoro zilizotokea zikashusha mno nguvu ya kugeuza. Joto peke yake halielezi hilo.

Mchangiaji wa 2
Naikubali kazi hiyo, lakini pale uga unafungua elektroni zilizonaswa kwenye kasoro. Kwa kihami safi, nadharia ya Landau na Zener, inayoeleza uga unavyozing'oa elektroni, inataka mamilioni ya volti kwa sentimita, ilhali Ca2RuO4, kihami kingine cha aina hii, hugeuka kwa volti kama 40 kwa sentimita. Pengo hilo huwezi kuliziba kwa kusema "uga" tu.

Mchangiaji wa 4
Basi pimeni hivi. Tafuteni volti ya kugeuza kwenye halijoto tofauti za bamba, kisha zidisheni na mkondo wa nukta ile kabla haijageuka. Nguvu ikishuka kwa mstari ulionyooka hadi sifuri karibu na 68, hilo ni joto. Tumieni mapigo mafupi, na kati yake acheni muda sampuli ipoe. Resista ya mfululizo (ile inayozuia mkondo usizidi) ikae karibu kabisa na sampuli, isiwe upande wa pili wa kebo. Kebo ya mita 1 ina pikofaradi kama 100. Kwa volti 10 inahifadhi nanojoule 5, na sampuli ikigeuka, zote zinamiminika ndani yake. Hiyo ni zaidi ya mara 25 ya joto lote alilohesabu mchangiaji wa 2, na elektrodi zinaungua hapo hapo.