Ni gemu ipi ingekutoa nyumbani kuja kwenye mashindano hapa Mbeya?

Mwandaaji, Soweto, Mbeya

Habari zenu, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi na wenzangu wawili tunaandaa mashindano ya gemu ya siku moja hapa mjini, siku ya Jumamosi, na kabla hatujalipia ukumbi tungependa kusikia kutoka kwenu: ni gemu ipi ambayo ukisikia ina mashindano utaacha shughuli zako, utalipa nauli na kiingilio cha shilingi 3,000, kisha utakaa mpaka fainali hata kama umetolewa mapema? Nasisitiza hilo la kukaa kwa sababu mwaka jana nilihudhuria mashindano katika mji wa jirani ambako walijiandikisha vijana 40, lakini ilipofika saa kumi na moja jioni tulikuwa tumebaki wanane. Kila aliyefungwa alichukua koti lake akaondoka, na mshindi akakabidhiwa zawadi mbele ya viti vitupu. Iliniuma sana kumwona kijana yule akipiga picha peke yake na kikombe chake.

Tuna runinga tatu, mashine mbili za PlayStation 4 (PS4) na moja ya toleo la nyuma yake, PS3. Tafadhali msinitajie tu gemu mnayoipenda, bali nielezeni ni kitu gani kingewafanya muijie.

Mwenye kibanda, Mwanjelwa

Ndugu yangu, jibu langu ni mpira, na ninalitoa kutokana na ninachokiona kila siku kibandani kwangu, ambako gemu nyingine huchezwa na mmoja mmoja, lakini ikiwekwa FIFA foleni hufika mlangoni. (Naiita FIFA kwa mazoea. Tangu mwaka 2023 jina lake ni EA Sports FC, ila vijana bado wanaiita kwa jina la zamani.) Hata mama anayeuza maparachichi hapo nje akichungulia anajua nani amefunga, na mashindano yanahitaji watazamaji wa namna hiyo.

Hata hivyo, piga hesabu kabla ya kutangaza idadi ya wachezaji. Ukichukua watu 32 kwa mtoano utakuwa na mechi 31, na mechi yenye vipindi viwili vya dakika sita, ukijumlisha kuchagua timu, marudio ya magoli na kubadilishana viti, haipungui dakika 18. Hizo ni saa tisa na zaidi kwa mashine moja. Mashine ya PS3 usiihesabu, kwa kuwa toleo la mwisho lililotolewa kwa ajili yake ni FIFA 19, na si haki wengine wacheze toleo moja na wengine toleo jingine halafu wakutane nusu fainali.

Jambo jingine ambalo waandaaji wengi hulipuuza ni pedi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea. Kijiti cha kushoto kikitumika sana hulegea, na utamwona beki anasogea taratibu kuelekea pembeni bila mtu kumgusa. Wateja wangu wa kudumu wanaijua pedi yenye tatizo hilo na wanaikwepa, kwa hiyo mgeni ndiye anayeangukiwa nayo, anafungwa na kuondoka akiamini ameonewa, na kwa kweli ameonewa. Siku ya mashindano zijaribu pedi zote asubuhi mbele ya watu: msimamishe mchezaji katikati ya uwanja, iweke pedi mezani, na mchezaji akisogea mwenyewe, pedi hiyo iondolewe. Mwenye pedi yake nzuri aruhusiwe kuja nayo.

Dada wa Kihesa, Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kwa FIFA sitapanda basi, kwa sababu FIFA ninaipata hapa hapa mtaani. Kwa Tekken, gemu ya mapigano ya mtu na mtu, nitakuja, na ninao wenzangu watatu, wawili kati yao wasichana, ambao nao watakuja.

Sababu yenyewe ni hii: kwenye Tekken ukicheza kila wiki na watu wale wale unafika mahali unajua kila pigo lao, na unahitaji mgeni akufundishe kitu kipya kwa kukupiga. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alishinda Evo Japan na baadaye Evo ya Las Vegas, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, kwa Tekken 7, ingawa wengi walikuwa hawamfahamu, na alieleza kwamba kwao wapo wachezaji wengine wakali waliomnoa. Mimi naamini na huku kwetu, kati ya Mafinga na Tunduma, yupo mtu anayemchezesha Eddy, mmoja wa wapiganaji wa Tekken, kwa namna ambayo hakuna anayeifahamu, naye hajawahi kukaa kiti kimoja na mimi.

Kuhusu watu kuondoka mapema, tatizo ni mtoano wenyewe. Kwenye gemu za mapigano mchezaji hatolewi mpaka apoteze mara mbili: ukipigwa mara ya kwanza unahamia upande wa pili wa ratiba, na unaweza kupanda tena mpaka fainali. Watu 16 kwa utaratibu huo hufikia mechi 30 au 31, lakini mechi ya Tekken, mshindi akiwa ni wa kwanza kupata michezo miwili, mara nyingi haizidi dakika saba, kwa hiyo mtamaliza ndani ya saa nne. Tumieni Tekken 7, kwa sababu Tekken 8 haikutolewa kwa PS4.

Nawaomba pia, kwa moyo wote, mtangaze waziwazi kwamba wasichana wanakaribishwa kucheza. Mara nyingi nikiingia kibandani huulizwa nimemfuata nani.

Kijana wa Uyole

Mimi na wenzangu tunacheza Free Fire, gemu ya simu ya kurushiana risasi, na tupo wengi kuliko hao wa mashine, kwa sababu simu kila mmoja anayo. Hata hivyo, kwa ukweli, sishauri muanze nayo. Mechi moja ina watu 50 wanaotegemea intaneti ile ile ya ukumbini, kila mmoja ameinamia kioo chake, na mtazamaji hana cha kutazama. Tungekuja kama kungekuwa na mechi za wanne kwa wanne, na simu ya mmoja imeunganishwa kwenye runinga kubwa.

Mzee wa PS2, Tukuyu

Wanangu, sisi tuliokulia kwenye PES, ile gemu nyingine ya mpira, tungekuja hata kutazama tu. Ila mkifanya mwezi wa saba tafuteni ukumbi usiopitisha upepo, kwa maana vidole vikishikwa na baridi hata bingwa hukosea pasi.

Mwandaaji, Soweto, Mbeya

Ndaga fijo, nyote. Maelezo ya dada wa Iringa yamenifumbua macho, kwa sababu nilidhani vijana wale waliondoka kwa kukosa nidhamu, kumbe sisi hatukuwaachia sababu ya kubaki.

Tutaweka FIFA kwa watu 16 kwenye mashine moja kuanzia saa tatu asubuhi, nayo itakuwa ya mtoano, kwa kuwa kumpa kila mtu nafasi ya pili kungetupeleka usiku. Tekken 7 itaanza saa saba mchana kwenye mashine ya pili kwa utaratibu wa kupoteza mara mbili, na nafasi sita hatutazijaza mapema, ili aliyefungwa kwenye mpira aingie huko bila kulipa tena. Fainali zote mbili zitachezwa mfululizo kwenye runinga moja. Pedi zitajaribiwa saa mbili na nusu, na mwenye kibanda wa Mwanjelwa, kama utaridhia, tungependa wewe ndiye uzikague.

Dada wa Kihesa, basi lenu la asubuhi linaingia hapa saa ngapi? Kama mtachelewa, tutasogeza Tekken hadi saa nane.