Mjadala: Fomu ikishuka, mpigaji wako bora akae benchi?

Wakuu, kwenye michezo hii ya mtandaoni ya kuendesha timu ya kriketi, mshale wa fomu (kiwango cha mchezaji kwa sasa) ukigeuka mwekundu tu, wengi wetu tunamtoa mchezaji kikosini siku hiyo hiyo. Mimi nasema tunajiumiza wenyewe.

Mpigaji wangu namba 3, yaani anayeingia wa tatu kupiga, ndiye mwenye ustadi mkubwa kuliko wote. Alitolewa kwa mikimbio sifuri, kisha 4, kisha 11, mshale ukaporomoka. Nikampa nafasi kijana mwenye mshale wa kijani, naye akaambulia 9 na 2. Wiki tatu zimepita, yule mkubwa bado yuko chini, maana mchezo ninaocheza hauinui fomu ya mtu asiyeshuka uwanjani. Nimemfungia ndani, halafu nalalamika haoti jua!

Zamu tatu za kupiga si ushahidi. Mpira mmoja unamtoa yeyote: Don Bradman, yule mpigaji wa Australia, alitolewa kwa sifuri katika zamu yake ya mwisho ya Test (mechi ndefu za siku kadhaa kati ya mataifa), uwanja wa Oval, London, 1948, wastani wake wa mikimbio ukabaki 99.94. Virat Kohli wa India naye alipata mikimbio 134 tu katika zamu 10 za Test Uingereza mwaka 2014. Aliporudi 2018 akapata 593. Haya, nipingeni.

Mlinda Wiketi: Mkuu, Kohli hayumo kwenye fomula ya mchezo huu. Fomu inazidishwa na ustadi, basi. Mshale mwekundu maana yake leo una mchezaji pungufu. Mimi nawania ubingwa, sina muda wa kubembeleza mtu.

Ova ya Mwisho: Mnachanganya wapigaji na warushaji. Mrushaji kwenye T20 (mechi fupi ya ova 20 kwa kila timu, ova moja ni mipira sita) ana ova 4 tu, mipira 24 kati ya 120, na akichapwa ova ya kwanza nahodha anampa mwingine mpira. Huyo mchezeshe hata akiwa mwekundu. Mpigaji huna namna ya kumpokonya gongo. Pia tazameni uchovu kabla ya kulaumu fomu. Nilikuwa na mrushaji wa kasi niliyetaka kumuuza, kumbe alikuwa amecheza mfululizo bila kupumzika. Nikampumzisha mechi moja, akarudi na wiketi 4, yaani aliwatoa wapigaji wanne.

Mlinda Wiketi: Hapo kwenye uchovu nakuunga mkono. Mleta mada, kwa nini usimshushe namba 6?

Mleta mada: Mechi ya ova 50, sawa. Kwenye T20 namba 6 mara nyingi anaingia ova zimebaki chache, inabidi apige kwa nguvu tangu mpira wa kwanza. Mtu anayetafuta fomu unamtuma huko akafanye nini? Na hiyo fomula yako, Mlinda, ipigie hesabu: ustadi 80 ukikatwa sehemu moja ya kumi unabaki 72. Kijana wangu ana 60, hata umwongezee sehemu moja ya kumi anafika 66. Rangi ya mshale ndiyo inayotutisha.

Mechi ya ligi ni kesho. Nimeshamrudisha namba 3. Akitolewa kwa sifuri tena, njooni mnicheke hapa hapa.