Wewe uliyeburuza sindano juu ya Black Sabbath yangu, UNAJIJUA. Usinipigie simu

#1 Mlowezi wa Birmingham

Wakuu, habari za usiku. Zangu mbaya. Mkono unatetemeka, chai imepoa, mke kaenda kulala akaniachia ujumbe: ukimaliza kuomboleza zima taa.

Jina sitaji. Sina haja. Kila Mswahili wa Midlands anamjua. Ni YULE. Yule ambaye kwenye vikao vya harusi huchangia ahadi. Yule ambaye hajapiga hodi ya pili ameshagusa redio yako. Ana kidole yule mtu. Kidole kile kimeua spika mbili hapa mjini, kimezima taarab ya watu bibi harusi akiwa mlangoni, na jana kidole kikaja kwangu.

Nianze vizuri. Ozzy, mwimbaji wa Black Sabbath, bendi ya rock nzito ya hapahapa Birmingham, alipofariki Julai 2025, wiki zilezile baada ya kuaga jukwaa pale uwanja wa Villa Park, nilikwenda daraja la Black Sabbath, Broad Street. Maua yamefunika lile benchi lenye sura zao wanne, mizee yenye michoro shingoni inalia kama imefiwa na mama. Mimi nafanya zamu ya usiku ghalani. Muziki huu ndio umenikesha macho miaka kumi na moja. Nikaapa hapohapo kwamba nitatafuta santuri yao ya kwanza, ile yenyewe iliyotoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, siyo hizi zilizochapwa juzi zikavishwa nailoni.

Nimejinyima. Nimekula mkate na maharage ya kopo kama mfungwa. Nikaipata kwa pauni 180. Kasha limechakaa kona, lakini sahani nyeusi ti, inang'aa kama nywele zilizopakwa nazi. Lebo ya Vertigo, kampuni iliyoitoa, ule mzunguko mweusi na mweupe! Ikizunguka ukaitazama sana unashikwa na kizunguzungu kama umeshuka boti ya Unguja wakati wa kusi.

Jana nikawa na wageni. Pilau lipo. Nikasema niwaonjeshe. Nimeifuta sahani, nimeishusha sindano kama mtu anayelaza mtoto mwenye homa. Albamu hii inaanza na mvua. Mvua inanyesha, kengele inagonga kwa mbali, radi inaunguruma. Zaidi ya nusu dakika hakuna gitaa. Wameweka MAKUSUDI. Hapo unatakiwa ukae kimya uogope kidogo, ndipo gitaa likushukie.

Mimi nikaingia jikoni kufuata kachumbari. Nikamsikia anasema:

"Hii mbovu, inatoa mvua tu."

Halafu nikasikia

KRRRRRRRRRRRT.

Wakuu. Kashika ule mkono wa sindano kwa kidole chenye mafuta ya pilau AKAUBURUZA. Hakuuinua. Kauburuza kutoka kwenye mvua mpaka kwenye lebo, eti "anatafuta wimbo". Anatafuta wimbo! Kama anazungusha kitufe cha redio ya mkulima kutafuta taarifa ya habari!

Nikatoka na bakuli mkononi. Kanitazama usoni, hata haya hana, akasema: "Aah, si makelele tu haya? Nani atajua wapi pamekwaruzwa na wapi pamepigwa gitaa?"

Na watu WAKACHEKA.

Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, mjini humuhumu, ana miaka 17. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akarudi kwenye gitaa. Mtu mwenye vidole pungufu ndiye aliyejenga kitu hiki. Wewe unavyo kumi vizima, umekibomoa kwa kimoja.

Albamu nzima waliirekodi kwa siku moja tu London, Oktoba 1969. Siku moja! Yule kaimaliza kwa sekunde mbili. Kwa kasi kawashinda.

Sitaki ushauri. Nimekuja kulia.

#2 Kisauni Mwisho wa Lami

Wa kwanza kufika. Natandika mkeka.

#3 Baba Watatu

Bila picha hii ni chai.

#4 Mlowezi wa Birmingham

Picha hizo nimeweka. Mnaliona lile chale? Linaanza ukingoni linaingia mpaka katikati kama barabara ya Chalinze kwenda Segera. Nyimbo nne za upande wa kwanza, zote kazichanja. Ule wenye kinanda cha mdomo sasa unasema "puu-TAK, puu-TAK". KRRRRRT ile naisikia mpaka sasa. Nimesikia hodi mlangoni nikashtuka.

#5 Mama Zawadi

Pole mdogo wangu. Mimi nimeshamjua kwenye mstari wa pili. Ndiye aliyeondoka na hotpot yangu Sikukuu.

#6 Mzee wa Sahani

Mkuu pole, ila tuulizane kiutaalamu. Ubavuni imeandikwa namba ya toleo, VO 6? Kasha linafunguka kama kitabu? Majina ya nyimbo za pande zote mbili yako kwenye lebo ya upande wa pili?

#7 Mlowezi wa Birmingham

Yote yapo mkuu. Nashukuru kumpata mtu anayejua uchungu.

#8 Mzee wa Sahani

Basi sikiliza. Toleo la kwanza la Vertigo, sahani safi, kwa pauni 180? Ama muuzaji alikuwa amelewa, ama chale lilikuwepo kabla na wewe uliinunua usiku bila miwani. Usimwonee mwenzio.

#9 Mlowezi wa Birmingham

USINIPANDISHE PRESHA. Nimeisikiliza mara kumi na nne kabla ya yule kuingia ndani ya nyumba hii. Mvua ilikuwa mvua. Sasa mvua ina kwato.

#10 Baba Watatu

Laki sita za Kitanzania kununua mvua. Mimi huku Mbagala paa linavuja, njoo usikilize bure, na ndoo nakupa.

#11 Kisauni Mwisho wa Lami

😂😂 Baba Watatu wewe hufai.

Ati huyo mama kwenye kasha mbona kavaa buibui? Yuwangoja matatu?

#12 Mlowezi wa Birmingham

Siyo buibui, ni joho. Hapo ni kwenye kinu cha maji cha Mapledurham, kando ya mto Thames. Na tafadhali tusitoke kwenye mada. Mada ni KIDOLE.

#13 Mtumishi Mnyenyekevu

Nimefungua picha ya ndani ya kasha nikakuta msalaba umepinduliwa. Ndugu, huyo jamaa hakukuharibia, amekuokoa. Mbingu zilitumia kidole chake.

#14 Mlowezi wa Birmingham

Kidole chenye mafuta ya pilau? Mbingu haziwezi kunawa?

Huo msalaba waliuweka watu wa kampuni ya santuri, bendi yenyewe haikupendezwa. Wao shingoni walivaa misalaba ya kawaida aliyowatengenezea babake Ozzy. Kwanza wimbo wenyewe ni wa mtu anayemwogopa shetani, anaomba msaada wa Mungu. Ungeusikia, ila huwezi, maana KRRRRRT.

#15 Dada wa Umoja

Wueh. Pole buda, hiyo ni madharau. Huku Nairobi ungeenda Kenyatta Market, kuna kibanda kimejaa santuri mpaka dari, wangekuonyesha kama inaweza kuoshwa. Lakini usidhani ni wewe pekee. Mimi niko na albamu ya Duma, ile ya kwanza ya 2020, bendi ya vijana wa hapahapa Nairobi, ilitolewa na kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kaka yangu mdogo alisikia dakika moja akachomoa waya wa umeme ukutani. Akasema spika imelipuka. Nikamwambia hapana, ndivyo wanavyoimba. Akaita mama.

#16 Baba Watatu

Mama akasemaje?

#17 Dada wa Umoja

Mama akasema hata yeye anaona spika imelipuka.

#18 Bibi Makunduchi

Nyinyi mna machungu ya jana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na santuri za Siti binti Saad, zile walizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Zile nzito, ikianguka inavunjika kama sahani ya udongo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu ila akifufuka ataniona, alizitumia kufunikia mitungi ya maji. Santuri ya Siti! Mtungi! Tulipozitafuta zimepinda kama makuti.

#19 Mzee wa Sahani

Bibi, hilo sasa ndilo tusi. Hii ya mwenye uzi ni ajali.

#20 Mlowezi wa Birmingham

AJALI? Kaburuza! Ajali ni ukijikwaa! Na aliposema "si makelele tu haya", hiyo nayo ajali? Ulimi nao uliteleza?

#21 Kijana wa Goma

Pole sana ndugu. Hapa kwetu shangazi yangu alifuta kanda zote za rumba za baba, akarekodi juu yake mahubiri. Miaka mitano baba alisikiliza akingoja gitaa litaingia.

#22 Bibi Makunduchi

Maskini. Likaingia?

#23 Kijana wa Goma

Hapana. Siku hizi yeye ni shemasi.

#24 Fundi Simu Kariakoo

Mwenye uzi, iweke kwenye mchele siku mbili.

#25 Mlowezi wa Birmingham

Ndugu yangu ni SANTURI. Haijaingia maji. Ile mvua ni ya kwenye wimbo.

#26 Fundi Simu Kariakoo

Mchele mkavu lakini.

#27 Baba Watatu

Tumrudie mtuhumiwa. Kama ni huyo ninayemfikiria, aliyekuja Dar likizo Desemba, nilimwazima gari tangi limejaa. Limerudi taa ya mafuta inawaka, siti ya nyuma kuna mifupa ya kuku, na redio imehamishwa stesheni zote. Ile ya magazeti ya asubuhi sijaipata mpaka leo.

#28 Mlowezi wa Birmingham

NDIYE! Kidole hichohicho!

#29 Mama Zawadi

Ndiye. Hotpot yangu iliondoka na wali ndani, nikamwambia akila airudishe. Eid mbili zimepita. Nikimuuliza anasema "Mama Zawadi, hotpot ni kitu gani kati yetu?"

#30 Kisauni Mwisho wa Lami

Hotpot ya namna gani?

#31 Mlowezi wa Birmingham

Wakuu. Santuri.

#32 Mama Zawadi

Ya bluu, maua meupe, kifuniko kina ufa kidogo pembeni. Haikuwa hotpot ya kawaida. Nilitoka nayo Muscat kwa dada yangu, nimeipakata kwenye ndege kama mtoto.

#33 Jirani wa Leicester

Ufa uko upande wa mshikio?

#34 Mama Zawadi

Upande wa mshikio! Umeiona wapi?

#35 Mzee wa Sahani

Hapa sasa mambo.

#36 Jirani wa Leicester

Sitaki ugomvi. Mwezi wa Ramadhani kuna mtu alinipelekea futari ndani ya hotpot kama hiyo. Akasema "kaa nayo tu, nyumbani zimejaa".

#37 Baba Watatu

ANAGAWA!!! 😂😂😂 Anazungusha mali za watu kama posta!

#38 Bibi Makunduchi

Uharamia huu. Mama Zawadi, panda treni mwanangu.

#39 Mlowezi wa Birmingham

Jamani, nimeipiga tena muda huu upande wa kwanza kuhakikisha. Zile noti tatu za mwanzo, zile nzito, inapiga ya kwanza, inapiga ya pili, ya tatu inaruka inarudi kwenye mvua. Mvua, noti mbili, mvua, noti mbili. Mke kaamka anauliza nani anaoga saa nane usiku. Kuna mwenye kujua kama sindano nzito kidogo inaweza kuvuka chale? Mzee wa Sahani?

#40 Mzee wa Sahani

Nakuja mkuu, ngoja kwanza nisikie hili la Leicester.

#41 Jirani wa Leicester

Mama Zawadi, kwa nia njema kabisa, ile mimi nimeshaizoea. Watoto wanaijua. Inatunza chapati mpaka kesho yake.

#42 Mama Zawadi

NAIJUA INAVYOTUNZA. NI YANGU.

#43 Fundi Simu Kariakoo

Ya lita ngapi?