Gumzo la kikundi: Ukoo wa Barabara ya 14, Tanga

Mama Salma: Asalam alaykum wana ukoo. Mzigo wa Muscat umefika, ahsante wifi. Kanga, udi, na hii gundi ya meno ya bandia ya Bibi. Sasa maandishi ni Kiarabu na Kiingereza, tena madogo kama chawa. Inapakwaje? Jumamosi harusi, na Bibi keshasema safari hii nyama ya pilau haiachi.

Shangazi Zuwena: Waalaykum salaam. Alhamdulillah. Mwambie Mama apake nyingi ndiyo ishike.

Hamisi: Shikamoo shangazi. Nyingi hapana 😅

Shangazi Zuwena: Marahaba. Haya, mtu wa duka la dawa kaingia.

Hamisi: Mama Salma, nipigie picha ya ubavuni, pale penye viambato.

Mama Salma: 📷

Hamisi: Safi, hii haina zinki. Gramu 40. Sasa, ayatoe meno ayasugue kwa brashi laini na sabuni ya maji. Dawa ya meno asitumie, inayachubua. Asuuze, ayafute mpaka yakauke kabisa. Halafu vitone upande unaokaa kwenye ufizi: ya juu vitatu au vinne, ya chini vitatu, kila kimoja kadiri ya punje ya mbaazi. Vikae mbali na ukingo. Asukutue kinywa, ayavae, aume taratibu sekunde kadhaa. Asile wala asinywe kama dakika 5.

Mama Salma: Na ikichuruzika pembeni?

Hamisi: Ujue imezidi. Kesho punguza. Mara moja kwa siku, asubuhi, basi.

Ba'mkubwa Kombo: Mnahangaika bure. Supa gluu ya dukani, tone moja, mpaka Idi nyingine 😂😂

Hamisi: Shikamoo ba'mkubwa. Hilo hata kwa utani tuliache, maana dukani watu wanakuja kuiulizia kweli. Supa gluu inaunguza ufizi, na meno yakishagandishwa upande, fundi hana la kufanya. Hii ya mdomoni kazi yake nyingine kabisa: ikikutana na mate inavimba na kunata kama mlenda, inaziba ule uwazi kati ya ufizi na meno.

Salma: Bibi anasema niandike kama alivyosema: "Mume wangu Hamisi, ya juu hayana neno. Ya chini ndiyo yanacheza. Nikiuma hindi la kuchoma yanaruka."

Hamisi: Mwambie mke wangu ndivyo yalivyo. Ya juu yamelala kwenye kaakaa lote, mate yanayavuta yakakaa. Ya chini yamekalia ukingo mwembamba tu, na ulimi unayasukuma kutwa. Tena mfupa wa taya huendelea kusinyaa miaka yote baada ya meno kung'olewa, na taya la chini ndilo husinyaa zaidi. Kuhusu hindi: ukiuma kwa mbele, nyuma kunanyanyuka. Apukuchue. Nyama ikatwe vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja.

Salma: Anasema pilau la kukatiwa vipande ni la mgonjwa 🤣

Hamisi: Anayo tangu lini hayo meno?

Mama Salma: Salma alikuwa darasa la pili. Leo Salma ana mtoto darasa la pili.

Hamisi: Lo! Basi taya limebadilika na meno ni yale yale. Gundi ni ya kuongezea nguvu meno yanayokaa vizuri, haiyafanyi meno mapana yakuenee. Apelekwe kwa daktari wa meno. Mara nyingine wanaongeza tabaka jipya upande wa ndani, hakuna haja ya kutengeneza mengine.

Asha: Samahani kaka Hamisi naingilia. Baba, unamcheka Bibi, ile tyubu niliyokununulia mwanzo wa mwezi iko wapi?

Ba'mkubwa Kombo: Asha.

Asha: Leo tarehe 12. Naiona kwenye pipa, imekunjwa mpaka shingoni.

Shangazi Zuwena: Kaka Kombo una meno ya bandia??? 😳

Ba'mkubwa Kombo: Zuwena endelea na kanga zako.

Mama Salma: Shemeji ndiyo maana picha zote unacheka umefumba 🙈

Hamisi: Ngojeni kidogo. Dada Asha, ilikuwa ya ukubwa gani? Na tazama viambato, zinki imo?

Asha: Kubwa, gramu 68. Zinki ipo. 📷

Hamisi: Ba'mkubwa, unapaka mara ngapi? Jibu kweli tafadhali.

Ba'mkubwa Kombo: Asubuhi. Baada ya chakula cha mchana. Na nikitoka kwenda barazani, mtu huwezi kubishana na meno yanacheza.

Hamisi: Sawa. Hili si la mzaha tena. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilieleza kuwa tyubu ya gramu 68, kwa mtu mwenye meno ya juu na ya chini, itumike wiki 7 hadi 8. Wewe hata wiki 2 haijafika. Kuna watu huko walikuwa wakimeza gundi yenye zinki nyingi namna hiyo kwa miaka. Zinki ikizidi mwilini inazuia shaba isifyonzwe, shaba ikipungua damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika: ganzi mikononi na miguuni, kutembea kwa kuyumba. Mwaka 2010 watengenezaji mmoja wapo, kampuni ya GlaxoSmithKline, wenyewe waliacha kutengeneza gundi yao yenye zinki.

Asha: Hamisi. Baba analalamika ganzi ya nyayo tangu mfungo. Sukari kapimwa, hana.

Hamisi: Siwezi kusema ndiyo hiyo, mimi si daktari, na ganzi ina sababu nyingi. Lakini hiyo gundi aache leo leo. Aende hospitali ya Bombo, na jambo la kwanza amwambie daktari ni gundi: aina gani, kiasi gani, tangu lini. Abebe na kiboksi. Wapime damu, na aulizie kipimo cha shaba na zinki. Watu wanataja dawa zote wanazotumia, gundi ya meno hakuna anayeikumbuka.

Shangazi Zuwena: Kaka, umesoma?

Shangazi Zuwena: Kaka Kombo?

Ba'mkubwa Kombo: Nipo. Natafuta kiboksi.

Mama Salma: Allah atamjaalia heri. Hamisi, jingine: Bibi analala nayo. Anasema akiyatoa ndoto zinamtisha.

Hamisi: Ayatoe, ufizi upumue. Ukilala nayo kuvu linaota chini yake, kaakaa linakuwa jekundu. Kwanza asukutue maji ya uvuguvugu gundi ilegee, iliyobaki kwenye ufizi aifute kwa kitambaa kibichi. Meno yalale kwenye maji ya kawaida.

Shangazi Zuwena: Mimi najua ya moto, yanaua wadudu.

Hamisi: Yanapinda na meno pia shangazi. Na jiki msitie, hasa meno yenye vyuma. Akiona kidonda kinapita wiki 2 hakiponi, asingoje, hata kama hakiumi.

Salma: Bibi anauliza, mwezi wa Ramadhani akiwa nayo mchana funga inakuwaje?

Hamisi: Hilo mpelekeeni ustadhi 🙏🏾

Asha: Jumatatu nampeleka Baba. Bibi twende naye pamoja, kitengo cha meno wamwone. Saa moja asubuhi nipo mlangoni.

Salma: "Nakaa mbele. Kombo akae nyuma."

Ba'mkubwa Kombo: Nimekubali Mama.

Mama Salma: Na mkiwa mmekubali hivyo hivyo, mchango wa harusi Hamisi na shemeji bado. Mwisho kesho saa kumi.